Barua ya wazi kwa wabunge wetu tisa walioko Arusha

Waheshimiwa wabunge wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki,

Salamu kutoka Makadara. Cheo chenu kinanitaka niwaite waheshimiwa, na umri wangu unaniruhusu kuwaita wanangu. Nitachanganya yote mawili na mtanivumilia.

Majuzi nilikuwa kwenye matatu nikitoka mjini. Vijana wawili waliokaa nyuma yangu walikuwa wakizungumzia ile amri ya Tanzania ya Julai 2025 iliyowakataza wageni kazi kama kutengeneza simu, kuendesha saluni na kuuza rejareja. Mmoja akasema kwa uchungu, "Si Kenya itoke tu kwenye hii Jumuiya. Inatusaidia na nini?" Abiria kadhaa wakaitikia. Nilishuka Jogoo Road bila kumjibu, na swali lake likashuka nami. Mimi naweza kumjibu kwa hadithi. Ninyi mnadaiwa jibu lenye hesabu ndani yake, ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Hadithi yangu ni fupi. Nilikuwa karani katika shirika moja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, ile ya Kenya, Uganda na Tanzania, hapa hapa Nairobi. Ofisini petu palikuwa na meza sita: Wakenya watatu, Waganda wawili na Mtanzania mmoja, mtu wa Tabora, mpole, aliyekuwa akichonga penseli zetu zote kila asubuhi kabla hatujafika. Marais wa nchi zetu tatu hawakuwa wakikutana tangu Amin apindue serikali Kampala Januari 1971, maana Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja. Sisi makarani tuliendelea kupiga mihuri na kuamini kwamba wakubwa watapatana. Mwanzoni mwa 1977 shirika la ndege likasambaratika, na Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mwaka wa fedha ulipoisha mwezi wa Juni, Jumuiya ikaisha nao.

Siku ya mwisho mwenzangu wa Tabora aliomba kauntabuku yangu, lile daftari kubwa la hesabu. Akaandika kwa mkono wake, kwa penseli: namba yake ya kazi, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, na akiba yake ya uzeeni hadi senti. Akaniambia, "Ndugu yangu, wakianza kuhesabu, wape hii." Nikaiweka kwenye sanduku la bati. Hakuna aliyekuja kuuliza. Mpaka ulikaa umefungwa hadi mwishoni mwa 1983, na mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ukatiwa saini 1984, baada ya Mswisi Victor Umbricht kuzunguka miaka mingi akipatanisha nchi tatu. Wazee wa Dar es Salaam waliofanya kazi katika mashirika yale waliandamana kudai mafao yao wakiwa na mvi. Sijui kama mwenzangu alikuwa miongoni mwao. Sikumwona tena.

Kwa hiyo ninaposikia neno "tutoke", mimi naona penseli.

Wanangu, bunge kama lenu haliwezi kuizuia nchi kuondoka. Ibara ya 145 ya Mkataba wa 1999, ulioanzisha Jumuiya ya sasa, inaipa kila nchi haki hiyo kwa masharti mawili. Bunge lake la taifa lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, ambao kwetu ni 233 kati ya 349. Kisha Katibu Mkuu apewe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili, na nchi inaweza kuifuta taarifa hiyo kabla muda haujaisha. Sisi wa 1977 hatukupewa hata miezi miwili. Miezi kumi na miwili ni mali kubwa kwa aliyejiandaa, na ni kiangazi tu kwa asiyejiandaa. Msidhani hayo ni mambo ya zamani: Mali, Burkina Faso na Niger zilitangaza Januari 2024 kwamba zinatoka ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, na Januari 2025 zikawa zimetoka.

Mjukuu wangu hunisomea habari za Ulaya, na kuna bunge moja nataka mlitazame kwa makini. Juni 2016 Uingereza ilipiga kura ya maoni, asilimia 52 wakataka kutoka katika Umoja wa Ulaya. Uskoti ni sehemu ya ufalme ule lakini ina bunge lake Edinburgh, na huko asilimia 62 walitaka kubaki. Bunge lao halikuwa na kura ya turufu. Januari 2017 Mahakama ya Juu kule London ilisema wazi kwamba desturi ya London kuliomba bunge lile ridhaa ni jambo la siasa, na mahakama haziwezi kumlazimisha mtu kuifuata.

Wengine wangekunja jamvi. Wao waliita watu mbele ya kamati, wakauliza kila sekta itaumia wapi. Machi 2018 wakapitisha muswada wao wenyewe, kura 95 kwa 32, ili sheria za Ulaya zilizokuwa zikitumika kwao zisipotee usiku mmoja. Mei wakainyima ridhaa sheria ya London ya kujitoa, kura 93 kwa 30. Sheria ile ikapita hata hivyo. Desemba Mahakama ya Juu ikaamua kwamba sehemu kubwa ya muswada wao ilikuwa ndani ya mamlaka yao siku walipoupitisha, ila sheria ya London iliyopita katikati ilikuwa imeshawafungia milango kadhaa. Wakarudi kuandika upya. Mwishoni mwa 2020 wakapitisha muswada mwingine, ukawa sheria 2021, unaowawezesha mawaziri wao kuziweka sheria za Uskoti sambamba na za Ulaya katika mambo yaliyo mikononi mwao.

Sisemi waliokoa kila kitu. Januari 2021 wauza samaki wa Uskoti walikwama kwa makaratasi mapya, mpaka wakaendesha malori hadi katikati ya London kulalamika. Lakini walioumia walikuwa na bunge lililokuwa likijua mapema ni nani ataumia na kwa sheria ipi. Mwenzangu wa Tabora hakuwa nalo.

Mtaniambia, "Mzee, wale wako chini ya nchi, sisi tuko juu ya nchi kadhaa." Kweli kabisa, na hapo ndipo kazi yenu inapokuwa nzito kuliko yao. Lori la vitunguu linapofika Namanga, afisa wa forodha wa Kenya analipitisha kwa sheria iliyotungwa na bunge mnamoketi ninyi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004. Yeye na mwenzake wa Tanzania wanafanya kazi katika kituo kimoja kwa sheria nyingine yenu, ya vituo vya pamoja vya mpakani, ya 2016. Mama mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anapewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, anaendelea na safari yake. Siku nchi yoyote itakapotoka, afisa yule atashika kitabu gani? Yule mama ataonyesha karatasi gani? Mwanafunzi wa Kenya aliyeko chuoni Kampala na fundi wa Kigali aliyeko Nairobi watahesabiwa kama nani asubuhi ile?

Maswali haya yana majibu, ila yanataka watu wakae chini wayaandike wakati vichwa vimetulia. Naomba mpeleke hoja bungeni ili kila sheria ya Jumuiya ipitiwe, ionyeshwe wazi ni ipi ina mwenzake katika sheria za nchi na ipi ikiondoka inaacha shimo. Ibebeni hoja hiyo pamoja na wenzenu wa nchi nyingine, isije ikaonekana ni Kenya inayopanga safari. Na akiba za wafanyakazi zisiachwe nyuma tena. Mtu anayekatwa mshahara nchi moja na kuzeekea nchi nyingine aandikiwe sasa atalipwa na nani.

Najua hali yenu. Michango ya nchi wanachama inachelewa, na Bunge bila fedha ni jiko bila kuni. Hata hivyo, kuwasikiliza watu hakuhitaji hoteli. Mkataba wenyewe, katika utangulizi wake, unakiri kwamba Jumuiya ya kwanza ilianguka kwa sababu, pamoja na mengine, utashi wa kisiasa ulikuwa dhaifu, wananchi na wafanyabiashara hawakushirikishwa vya kutosha, na faida hazikugawanywa sawa. Neno la mwisho hilo lisemeni bila kuona haya. Tanzania ililalamika wakati ule kwamba viwanda vinarundikana Kenya, na ukiitazama amri ya 2025 kwa jicho la mtu mzima utasikia mwangwi wa lalamiko lile lile. Nasi pia tumewahi kuwakosea majirani: Machi 2021 tulizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka, na baada ya siku chache tukalegeza kwa masharti. Waliokuwa njiani na malori siku zile ndio wanaojua bei ya siku chache. Waiteni waseme.

Nina ombi moja la mwisho, na hili nalitoa kama mzazi. Njooni Marikiti, soko letu la mazao hapa Nairobi, siku moja saa kumi alfajiri, bila msafara, malori ya vitunguu na machungwa ya Tanzania yanapoteremshwa. Waulizeni wapagazi, madereva, na akina mama wanaonunua kwa magunia wakauze Kayole na Kawangware. Mmoja wenu aandike. Mimi nitakuwa langoni upande wa Haile Selassie, na kauntabuku ile nitakuja nayo. Maandishi ya penseli yamefifia, lakini namba ya kazi bado inasomeka.

Ni mimi mzee wenu,
Karani mstaafu, Makadara, Nairobi