Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mtwara kuhusu nimonia na vimelea vinavyokataa dawa

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Yah: Sampuli za makohozi, dozi za amoksilini na matumizi ya seftriaksoni

Tunakuandikia sisi watu wa maabara, wa famasia na wa wodini. Ombi letu ni moja. Kabla mkoa haujakubali kwamba amoksilini na ampisilini zimeshindwa na nimonia, tujiridhishe kwanza kuwa kimelea kilichooteshwa kilitoka kwenye mapafu ya mgonjwa na si mdomoni, na kwamba dozi iliyoshindwa ilikuwa dozi kamili.

Tuanze na kikopo cha makohozi, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika. Mgonjwa akiambiwa "tema humu" na kuachwa, atatema mate. Mdomo wa mtu aliyelazwa siku kadhaa huku akichomwa viuavijasumu huweza kujaa bakteria kama Klebsiela na Pseudomonasi, na fangasi wa Kandida ambao hawahusiki kabisa na nimonia yake. Mate hayo yakioteshwa, Klebsiela ataota vizuri mno. Ampisilini ataikataa, kwa kuwa Klebsiela huikataa kwa asili yake popote duniani. Akiwa ni wa aina inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja sefalosporini, ataikataa na seftriaksoni, sindano ya kundi hilo la viuavijasumu. Daktari anapokea karatasi iliyojaa neno "sugu" na kupanda hadi meropenemu, kiuavijasumu cha akiba. Nyumokokasi, bakteria wa nimonia aliyemlaza mgonjwa, ambaye pengine penisilini ingemmaliza, hakuonekana hata kidogo.

Kinga ya kosa hili ni hadubini ambayo maabara inayo tayari. Kila sampuli ipakwe kwenye slaidi, ipigwe rangi ya Gramu (rangi ya kuonyesha bakteria na seli) na itazamwe kwa lenzi ya 10. Seli bapa za mdomoni zikiwa chini ya 10 na chembe nyeupe za damu zaidi ya 25 kwa kila duara la kuangalia, hayo ni makohozi, yaoteshwe. Seli bapa zikijaa, ni mate. Wodi ipigiwe simu ilete sampuli nyingine. Mgonjwa asukutue kwa maji safi, asitumie dawa ya kuua vijidudu mdomoni, avute pumzi ndefu na akohoe kutoka kifuani, asubuhi ikiwezekana. Kikopo kiwe safi kisicho na vimelea, chenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Kwenye fomu iandikwe saa ya kuchukua sampuli, na dawa ambayo mgonjwa ameshatumia tangu nyumbani. Sampuli ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, lakini mgonjwa aliyezidiwa asicheleweshewe sindano kwa sababu ya kikopo.

Halafu kuna safari. Makohozi yanatakiwa kufika maabara ndani ya saa 2. Nyumokokasi ana kimeng'enya kinachompasua yeye mwenyewe, kwa hiyo akikaa kwenye joto hufa, huku Klebsiela akizidi kuzaana katika kikopo hichohicho. Sampuli iliyochelewa basi haikosei ovyo ovyo: siku zote inaficha kimelea dhaifu na kumkuza yule sugu. Kikopo kutoka Newala au Nanyumbu hakiwezi kutimiza saa 2 hadi Mtwara mjini. Kwa wilaya hizo tunapendekeza damu ya kuotesha kwa wagonjwa wa nimonia kali: mililita 8 hadi 10 kwa chupa ya mtu mzima, 1 hadi 3 kwa chupa ya mtoto, baada ya ngozi kusafishwa kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa ikauke yenyewe. Chupa hizo zisiwekwe kwenye friji wala barafu kabla ya kuoteshwa. Watoto wadogo hawawezi kutoa makohozi hata hivyo, na kwao damu ndiyo njia, ingawa mara nyingi haitaotesha kitu na tusiichukulie hiyo kama dalili ya kutokuwa na nimonia.

Ndani ya maabara, mambo matatu. Nyumokokasi huhitaji agari (lishe ya kuoteshea bakteria) ya damu ya kondoo na hewa yenye kabonidayoksaidi. Gudulia lenye mshumaa linatosha pasipo na inkubeta maalumu. Damu ya binadamu iliyopitwa na muda isitumike, kwa sababu huweza kuwa na kingamwili au mabaki ya dawa yanayozuia bakteria kuota. Hemofilasi, bakteria mwingine wa nimonia, hataota kwenye agari hiyo ya kondoo. Anataka agari ya chokoleti (ya damu iliyopashwa moto hadi ikawa na rangi ya chokoleti), na maabara isiyoiandaa itaripoti mwaka mzima kwamba Hemofilasi hayupo. La tatu ni disiki, yaani vipande vya karatasi vyenye dawa vinavyowekwa juu ya bakteria ili kupima duara ambamo hawaoti, na huku pwani ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Kikasha cha disiki kikitolewa kwenye baridi na kufunguliwa hapohapo, unyevu wa hewa yetu hutua juu ya disiki na kuanza kuvunja dawa. Disiki iliyodhoofika hutoa duara dogo, na duara dogo husomwa "sugu". Kikasha kiachwe kimefungwa hadi kifikie joto la chumba, na kila wiki disiki zipimwe kwa bakteria wa kudhibiti ubora. Kwa nyumokokasi itumike disiki ya oksasilini ya mikrogramu 1: duara la milimita 20 au zaidi maana yake penisilini inafanya kazi. Likiwa chini ya 20, asiandikwe "sugu" bado; kipimwe kiwango halisi cha dawa kinachomzuia.

Sasa dozi. Nyumokokasi anayeanza kukataa penisilini hatengenezi kimeng'enya cha kuivunja. Amebadilisha protini ambazo penisilini hushikamana nazo. Ndiyo maana dozi kubwa mara nyingi bado humshinda, na kumwongezea klavulaneti hakusaidii chochote. Klavulaneti huzuia kimeng'enya kinachovunja dawa, hivyo ina kazi kwa Hemofilasi anayekitengeneza. Dozi ndogo ndiyo inayomnufaisha: inaua wenzake walio dhaifu na kumwachia nafasi puani na kooni mwa mtoto.

Mtoto wa miezi 8 mwenye kilo 9 anahitaji kidonge kimoja cha amoksilini cha kuyeyusha cha miligramu 250 asubuhi na kimoja jioni, siku 5, yaani vidonge 10. Chupa ya dawa ya maji ya mililita 100 yenye miligramu 125 katika mililita 5 ina kiasi hichohicho. Akipewa kijiko cha mililita 5 mara tatu kwa siku, anapata robo tatu tu ya anachostahili. Mtoto wa miaka 2 mwenye kilo 12 anahitaji vidonge 2 mara mbili kwa siku, na chupa moja haimtoshi. Mtu mzima anayetibiwa kwa gramu 1 kila saa 8 anahitaji kapsuli 12 za miligramu 250 kwa siku, 60 kwa siku 5. Anayenunua kapsuli 10 dukani hajamaliza dozi ya siku moja.

Kuhusu seftriaksoni, tuseme wazi kinachoipendelea. Mtoto mwenye nimonia kali anatakiwa ampisilini miligramu 50 kwa kila kilo kila baada ya saa 6, pamoja na jentamisini miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku. Hizo ni sindano tano. Seftriaksoni ni moja. Muuguzi mmoja mwenye wodi iliyojaa usiku atachagua moja, na hatumlaumu. Lakini tukiacha uhaba wa wauguzi utuchagulie dawa, tutaipoteza seftriaksoni tunayoihitaji kwa homa ya uti wa mgongo. Watoto wa ampisilini wawekwe eneo moja la wodi, na sindano ya usiku wa manane ipangiwe mtu kwa jina kwenye ratiba.

Vilevile, wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho, kikohozi cha vumbi huongezeka. Asiye na homa na asiyepumua kwa kasi (pumzi 50 au zaidi kwa dakika kuanzia miezi 2 hadi chini ya mwaka mmoja, 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 5) asipewe kiuavijasumu kwa kikohozi tu. Na mwenye kikohozi cha wiki 2 asianzishiwe kiuavijasumu cha siprofloksasini kabla ya kupimwa kifua kikuu: dawa hiyo kwa nyumokokasi ni dhaifu, na huweza kukificha kifua kikuu.

Tunaomba utoe waraka kwa waganga wafawidhi wote kuhusu upokeaji na ukataaji wa sampuli, kisha mkoa utoe kila mwaka jedwali la usugu. Jedwali hilo lihesabu kimelea cha kwanza tu cha kila mgonjwa, lisitoe asilimia kwa aina ya bakteria yenye sampuli chini ya 30, na litenganishe walioingia na nimonia na walioipata baada ya saa 48 wodini. Makundi hayo mawili yakichanganywa, usugu wa wodini utasomwa kama wa kijijini, na zahanati zitaandikiwa dawa zisizozihitaji. Rasimu ya waraka na fomu ya sampuli tuko tayari kuziandaa, na tunaomba kikao kabla ya bajeti ijayo ya vitendanishi.

Wako katika kazi,
Wataalamu wa maabara, famasia na wodi
Mtwara