Premio yako ina gia ya aina gani? Tusome kibao kwanza

Wateja wengi hutujia na dumu la oili ya gia mkononi. Wamelinunua kwa sababu jirani mwenye Premio kama ya kwao kasema ndiyo yenyewe. Tunawaomba waliweke chini kwanza, tufungue boneti. Premio mbili zaweza kufanana kama pacha, moja ikataka ATF, yaani oili ya gia ya otomatiki ya kawaida, na nyingine oili ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Ukikosea hapo, hutalipia oili tena, utalipia giaboksi.

Premio ni ya ukoo wa Corona, gari la familia ambalo Toyota walianza kuliuza mwaka 1957. Mwaka 1996 ikaja Corona Premio, na mwisho wa 2001 jina la Corona likaachwa. Ilitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Upana wake ni milimita 1,695 kwa sababu kule gari likizidi milimita 1,700, au injini ikizidi cc 2,000, linahamia daraja jingine la usajili. Wembamba huo ndio unaokusaidia kupenya Kariakoo siku ya Jumamosi.

Sasa gia. Toleo la 2001 hadi 2007, zile zenye namba ya modeli NZT240 za cc 1,500 na ZZT240 za cc 1,800, lina otomatiki ya kawaida ya gia nne. Lakini AZT240, ile ya cc 2,000 iliyoandikwa D-4, ilikuja na CVT, na hapo ndipo mafundi wengi huteleza. Toleo lililofuata, la NZT260 na wenzake, lililotoka 2007 na kukoma 2021, ni CVT.

Ndani ya CVT kuna puli mbili zenye umbo la koni na mkanda wa chuma katikati. Puli zikibana au zikiachia, mkanda unapanda au unashuka, na gari linaongeza mwendo bila kuruka hatua. Ndiyo maana wengine hulalamika kwamba "gari halibadilishi gia". Halina ugonjwa, ndivyo lilivyo. Ila mkanda ule hauna meno. Unavuta gari zima kwa kubanwa tu. Oili yake lazima ilainishe na kupoza, lakini isiruhusu chuma kuteleza juu ya chuma. ATF iliundwa kwa kazi nyingine. Ukiiweka humo mkanda unateleza, unakwaruza puli, na unga wa chuma unasambaa hadi kwenye valvu.

Dalili zake: unakanyaga mafuta, mshale wa mizunguko unapanda lakini gari halichangamki, linatetemeka wakati wa kuondoka, linavuma kama nyuki.

Kwetu kazi huanza na kibao kilichopo chini ya boneti. Kwenye mstari wa TRANS/AXLE, gia ya Premio ikianza na U ni otomatiki ya kawaida, ikianza na K ni CVT. Kusoma hakulipiwi. Tukifungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, tunasafisha na sumaku zake, na tunakuonyesha zilichokamata.

Kama umeshamwaga ATF kwenye gia ya K, usiliwashe gari ukitaka kulileta. Tupigie, tulifuate na gari la kuvuta.