Mvi zake ukongwe, zangu kasoro

Mhariri,

Nilisoma taarifa ya habari kwenye runinga miaka 19. Nilipofika 51, mtayarishaji alisogeza taa usoni pangu, akamwambia mpiga picha: "Hapa shingoni panatusumbua." Nami nimekaa palepale, kipaza sauti kifuani! Mwezi uliofuata nikapelekwa redioni, zamu ya usiku. Mwenzangu wa kiume, aliyenizidi miaka minane, kipara na mvi juu, akabaki. Yeye huitwa mkongwe.

Mwaka 2011, nchini Uingereza, mtangazaji Miriam O'Reilly aliishinda BBC katika kesi ya kubaguliwa kiumri. Dai lake la ubaguzi wa kijinsia likakataliwa. Hapo ndipo ninapokwama. Kama ni umri tu ulionitoa, mbona yule mwenzangu bado yupo kitini?

Mtangazaji wa zamani