Mkono Haugeuzi Risasi Ubavu: Barua kwa Kampuni Iliyoniuzia Risasi za 9 mm

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uuzaji wa Silaha na Vifaa vya Shabaha,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU RISASI ZA BASTOLA ZILIZOUZWA KAMA MPYA ILHALI ZIMEJAZWA UPYA, TENA VIBAYA

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Mimi ni mkazi wa Mbezi Beach, mmiliki halali wa bastola ya 9 mm, na kupiga shabaha ndiyo burudani yangu ya mwisho wa wiki. Nilinunua dukani kwenu risasi za mazoezi ambazo lebo ya boksi inasema ni mpya, kutoka kiwandani, zenye kichwa cha uzito wa grain 124, yaani gramu 8 na ushei. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ninayo. Naandika kwa sababu risasi hizo si mpya, ni maganda yaliyokwisha kupigwa yakajazwa tena baruti na kichwa, hazina kipimo kimoja, na mojawapo nusura impasulie mwenzangu mtutu mkononi.

Naandika pia kwa sababu ya jibu nililopewa. Nilipomtumia mhudumu wenu picha za karatasi ya shabaha kwa WhatsApp, alinijibu: "Kaka, tatizo ni mkono. Unavuta triga kwa pupa." Hakuuliza namba ya boksi wala hakutaka kuona risasi zenyewe. Akanitumia ule mchoro unaojulikana, unaoonyesha kwamba anayetumia mkono wa kulia akibinya triga vibaya risasi humwendea chini kushoto.

Mchoro huo naufahamu, na sikatai kwamba mara nyingi kosa huwa la mpigaji. Bastola ni fupi. Kwenye bastola yangu, kutoka pengo la kulengea la nyuma hadi kinundu cha mbele ni milimita 165 hivi. Kinundu kikiyumba milimita moja tu, kwa shabaha iliyo mita 25 tundu litahama sentimita 15. Ndiyo maana kila anayeupenda mchezo huu hujishuku yeye kwanza, na mimi nilianza hapo hapo kabla sijamtaja mtu yeyote.

Niliegemeza bastola juu ya mifuko ya mchanga ili kupunguza mchango wa mkono. Matundu yakaendelea kutawanyika. Nikampa bastola mwenzangu ambaye hupiga vizuri kuniliko, naye akapata mtawanyiko ule ule. Tukakagua kinundu cha mbele na pengo la nyuma, vyote vimekaza. Tukasafisha mtutu tukaumulika kwa tochi. Mifereji yake ni mizima, ila ilikuwa na michirizi ya kijivu ya madini ya risasi, ambayo sikuwahi kuiona kwenye mtutu huu. Kisha, siku hiyo hiyo, kwa bastola hiyo hiyo juu ya mifuko hiyo hiyo, tukapiga risasi za kiwanda kingine zenye uzito huo huo wa grain 124. Matundu yalikusanyika ndani ya duara la sentimita 7. Za kwenu zilitapakaa zaidi ya sentimita 30, na nyingine hazikuigusa karatasi kabisa.

Mtawanyiko peke yake ungeweza kubishaniwa. Jambo lisilobishaniwa ni umbo la matundu. Angalieni picha ya pili niliyoambatisha. Matundu kadhaa si ya duara, ni marefu, na moja limeacha alama kamili ya risasi iliyolala ubavu. Risasi ikitoka salama huzunguka kwa sababu mifereji ya ndani ya mtutu imeikamata na kuizungusha. Kwenye mtutu wa 9 mm, mzunguko mmoja kamili hukamilika kwa kila milimita 250 hivi za mwendo. Mzunguko huo ndio unaoiweka pua ya risasi mbele mpaka ifike kwenye karatasi. Mifereji isipoikamata, risasi hupinduka hewani. Ndugu Meneja, mkono mbaya hupeleka risasi kushoto, kulia, juu au chini. Hakuna namna ya kushika bastola itakayoifanya risasi iingie kwenye karatasi kwa ubavu. Mhudumu wenu alikuwa na picha hiyo kwenye simu yake aliponiambia nirekebishe mkono.

Hapo ndipo nilipozimwaga risasi zilizobaki mezani nikaziangalia moja moja, kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mtu wa kwenu.

Boksi moja lenye risasi mpya za kiwanda kimoja huwa na alama moja kwenye vitako vya maganda. La kwenu lina mchanganyiko wa alama za viwanda mbalimbali, na baadhi ya maganda yana ile alama ya msalaba ndani ya duara inayowekwa kwenye risasi za majeshi ya NATO. Kingo za vitako zina mikwaruzo ya ndoana ya bastola, ile inayolivuta ganda baada ya kupigwa, na kwenye maganda mengine mikwaruzo hiyo iko sehemu mbili au tatu. Ganda ambalo halijawahi kupigwa halina sababu ya kuwa na alama hizo. Fataki kadhaa, vile vidonge vya kitakoni vinavyowasha baruti, zimekaa juu ya usawa wa kitako badala ya kuzama kidogo, na ndizo zilizogoma kuwaka kwa pigo la kwanza.

Nilikwenda kwa fundi silaha mwenye leseni tukapima kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu na kipenyo kwa usahihi. Kwa vipimo vya kimataifa vya 9 mm, urefu wa risasi nzima haupaswi kuzidi milimita 29.69. Zenu hazikuzidi, lakini ndani ya boksi moja zilianzia 28.1 hadi 29.5. Tofauti ya namna hiyo haitoki kwenye mashine iliyofungwa sawasawa. Fundi akafungua chache kwa kifaa chake. Vichwa ni vya madini ya risasi vilivyopakwa shaba nyembamba, na midomo ya maganda ilikuwa imebanwa kwa nguvu kiasi cha kuikata ile shaba na kuacha pete kuzunguka kichwa. Chini ya pete hiyo kipenyo kilikuwa 8.95, ilhali mtutu wangu, ukipimwa kwenye vina vya mifereji, ni 9.02. Kichwa kilichopondwa hivyo kinapwaya ndani ya mtutu. Gesi ya moto hupita pembeni yake, shaba iliyokatwa huchanika, madini hupakaa mtutu, na mifereji haipati cha kukamata. Michirizi ya kijivu, mtawanyiko na matundu marefu vyote chanzo chake ni hicho kimoja.

Ajabu ni kwamba pamoja na kubanwa kote huko, vichwa vingine havikushikika. Tuliingiza risasi moja kwenye chemba, yaani nafasi ya risasi nyuma ya mtutu, tukaitoa bila kuipiga, tukaipima tena, ikawa imefupika kutoka 28.9 hadi 28.2. Kichwa kilikuwa kimesukumwa ndani ya ganda. Kwa risasi ndogo kama hii jambo hilo si dogo hata kidogo, kwa kuwa nafasi ya baruti ikipungua kidogo tu, shinikizo hupanda ghafla. Kiwango cha juu cha shinikizo kinachoruhusiwa kwa 9 mm ni bar 2,350. Sijui mtu aliyezijaza anategemea nini kubaki chini ya hapo.

Nizungumzie baruti. Najua mtaalamu wenu atasema kupima risasi nzima kwenye mizani hakuthibitishi kitu, kwa kuwa maganda ya viwanda mbalimbali hutofautiana uzito kiasi cha kuificha tofauti ya baruti. Atakuwa sahihi, na ndiyo sababu sikuegemea huko. Tulipima baruti iliyotoka kwenye risasi alizofungua fundi, tukitumia mizani ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Mzigo wa kawaida wa risasi ya aina hii ni karibu theluthi moja ya gramu. Kwenye zenu, moja ilikuwa na karibu nusu tu ya baruti iliyokuwa kwenye jirani yake.

Na upungufu wa namna hiyo ndio uliotaka kutuua. Wakati mwenzangu anapiga, bastola ilitoa mlio hafifu, kama kizibo cha chupa kinapofunguliwa, na ganda halikuruka. Alikuwa ameshaanza kuvuta sehemu ya juu ya bastola nyuma kwa mkono ili aingize risasi nyingine. Msimamizi wa uwanja akapiga kelele ya kusimamisha. Bastola ikafunguliwa, na kichwa cha risasi kikakutwa kimekwama katikati ya mtutu. Kilitolewa kwa kijiti cha shaba na nyundo ndogo. Nawaomba mlisome hili kwa utulivu: kama risasi ya pili ingepigwa nyuma ya ile iliyokwama, mtutu ungevimba au kupasuka, na vidole vya mwenzangu vilikuwa sentimita chache kutoka hapo. Msimamizi wenu wa mauzo nilimweleza jambo hili kwa simu. Alisema "pole" akarudia habari ya triga.

Msinielewe vibaya. Sina ugomvi na kazi ya kujaza risasi upya. Naiheshimu mno. Rafiki yangu aliyeko Afrika Kusini, ambako sheria ya silaha ya mwaka 2000 inamruhusu mwenye leseni kujijazia kwa matumizi yake, amenionyesha jinsi anavyofanya. Kila ganda hulisafisha na kulikagua kama lina ufa. Baruti huipima kwenye mizani yake, kisha humulika kila ganda kwa taa kabla ya kuweka kichwa, kuhakikisha hakuna lililopewa mara mbili wala lililosahaulika. Husukuma pua ya risasi dhidi ya meza kuona kama kichwa kinarudi ndani. Huuchomoa mtutu na kudondosha risasi kwenye chemba, naye hutaka kusikia mlio safi wa chuma na kuona risasi inazunguka kwa kidole bila kukwama. Mdomo wa ganda huubana kiasi tu cha kuufunga ule upana aliouachia kichwa kiingie, kwa sababu anajua risasi ya 9 mm hujiegemeza ndani ya chemba kwa mdomo huo. Risasi zake hupiga vizuri kuliko za viwanda vingi, kwa kuwa amezitafutia mzigo unaoendana na mtutu wake. Mimi leseni yangu ni ya kumiliki na kutumia, si ya kutengeneza, kwa hiyo hapa nyumbani sifanyi kazi hiyo. Nalipia risasi za dukani nikiamini kuna mtu aliyeifanya kwa uangalifu huo huo. Kipimo cha 9 mm si siri ya mtu. Kilibuniwa na Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita, jeshi la Ujerumani likakipokea mwaka 1908, na leo vipimo vyake vyote vimechapishwa. Aliyezijaza hizi zenu amevipuuza tu.

Nilipotaka kuzirudisha, nikaambiwa nimpe bodaboda azilete dukani. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haikutungwa ili risasi zizungushwe Bagamoyo Road kwenye mfuko wa mtu asiye na leseni. Zimefungiwa kwenye kasha langu la chuma, zimetengwa na nyingine, na kituo cha polisi kinachosimamia leseni yangu nimekijulisha. Mtu wenu mwenye idhini aje azichukue mbele ya ofisa wa polisi, kwa maandishi.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe fedha yote pamoja na gharama ya fundi silaha. Mniambie kwa barua nani alizijaza risasi hizi, kwa idhini gani, na kwa nini boksi linasema ni mpya. Na lililo zito kuliko fedha yangu: mwondoe rafuni leo maboksi yote ya shehena hii, namba yake iko kwenye picha ya kwanza, na mumpigie simu kila aliyeyanunua. Kumbukumbu za wanunuzi mnazo, kwa sababu hakuna anayeuziwa risasi bila kuonyesha leseni. Kuna watu wanazo majumbani wakati huu, pengine kwa ajili ya ulinzi, ambao hawapigi shabaha na hawatajua maana ya mlio hafifu. Wao ndio wataingiza ya pili.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwa kuwa kuuza kitu kilichotumika kwa lebo ya kitu kipya ni kumdanganya mlaji, na nitatoa maelezo kamili kwa Msajili wa silaha. Jibu hilo naomba liandikwe na mtu aliyezishika risasi hizi mkononi na kuzipima.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha za boksi na vitako vya maganda, picha za karatasi za shabaha za risasi zenu na za kiwanda kingine, vipimo vilivyosainiwa na fundi silaha, pamoja na maelezo ya msimamizi wa uwanja. Kichwa kilichokwama mtutuni amekihifadhi yeye, na yuko tayari kumwonyesha yeyote mtakayemtuma.

Wenu,

Mteja, Mbezi Beach,
Dar es Salaam.

Nakala: Ofisi ya polisi inayosimamia leseni yangu, Msimamizi wa uwanja wa shabaha.