Barua ya wazi kwa walimu vijana mnaopangiwa shule za vijijini West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda

Wanangu walimu,

Nawasalimu kwa heshima, ninyi mliomaliza mafunzo karibuni na ambao kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa mwezi wa Februari mtabeba magodoro yenu kwenye bodaboda kwenda shule za Koboko, Maracha, Yumbe na Terego. Ninawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayotukutanisha sokoni, Mkakwa, Mlugbara, Mwaringa na Mnubi, na kwa sababu ninalotaka kuwaambia linahusu namna ya kuzungumza na watu. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa mwalimu mkuu. Mtakuta madarasa ya chini yamejaa wasichana sawa na wavulana, kisha mtapanda hadi darasa la tano na la sita na kuona nafasi za wasichana zikibaki wazi moja baada ya nyingine, na mtaambiwa, hata na walimu wenzenu, kwamba watu wa huku hawapendi mtoto wa kike asome. Msiyapokee maneno hayo. Baba anayemtoa binti yake shuleni huwa amepiga hesabu, na mara nyingi ana hofu ambayo hakuna mtu aliyekwenda nyumbani kwake kumwuliza.

Hilo nililijua kwa kosa langu mwenyewe. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008, iliyofanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, ilikuwa bado mpya, nami niliishika kama fimbo. Msichana mmoja wa darasa la sita, hodari kuliko wavulana wote aliosoma nao, aliacha kuja wakati wa kukausha tumbaku. Badala ya kutembea kwenda kwao, nilimwandikia baba yake barua ya Kiingereza yenye muhuri wa shule, nikamweleza kwamba anavunja sheria na kwamba nitamfikisha polisi. Baada ya siku kadhaa nilikutana naye sokoni. Aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba nyumbani kwake hakuna anayejua kusoma isipokuwa huyo huyo binti, kwa hiyo yeye ndiye aliyesimama mlangoni mwa banda la tumbaku, mikono yake imeshika weusi wa utomvu wa majani, akamsomea baba yake maneno yangu na kuyatafsiri moja baada ya jingine. "Alisoma vizuri sana, Mwalimu," akaniambia. "Ulimfundisha vizuri, kisha ukamtuma anitukane." Binti yule hakurudi shuleni. Mara ya kwanza baba yake kusikia faida ya elimu ya mwanawe ilikuwa ni kutishwa kwa kinywa cha mwanawe, na aliyeandika tisho lile ni mimi.

Wala baba wa huku si mgumu kubadilika kama inavyosemwa. Mwaka 1997, serikali ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote, kila familia ilipewa nafasi ya watoto wanne, na ikiwa ina wasichana, wawili kati ya hao wanne wawe wasichana. Nilikuwa mezani naandikisha majina. Alikuja mzee mmoja na wavulana wanne waliopangwa kwa urefu, nikamsomea utaratibu, akaniuliza kama ni kweli, nikamwambia ni kweli. Aliondoka bila neno, na kabla ya adhuhuri alirudi na wavulana wawili na wasichana wawili, wasichana wakiwa wamefungwa vitenge vya mama yao kwa sababu hawakuwa na gauni la kuvaa mbele za watu. Mzee yule hakuhubiriwa na mtu yeyote asubuhi ile. Alikuwa ameulizwa swali jingine, naye akatoa jibu jingine.

Basi mwulizeni kila baba anaogopa nini. Wengi watawajibu kwamba ni mimba, na hofu hiyo si ya kubuni, kwa maana utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba msichana 1 kati ya kila 4 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 nchini Uganda alikuwa tayari amezaa au ana mimba. Atakayewaambia kwamba shule ndiyo inayoleta mimba, mkumbusheni kwa upole kwamba kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022 shule zetu zilifungwa, kabisa au kwa sehemu, kwa sababu ya korona, kwa muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na kwamba miaka hiyo binti zetu walikuwa nyumbani, mbele ya macho yetu, na bado wengi walirudi kuandikishwa wakiwa na watoto mgongoni au hawakurudi kabisa. Lakini msimkumbushe hayo kabla hajamaliza kusema, kwa sababu huenda anayemwogopa ni ninyi. Wapo walimu waliowaharibia wanafunzi wao maisha, na kijiji hakisahau. Vijana wangu wa kiume, msichana asiitwe nyumbani kwa mwalimu, hata kwa kuteka maji, hata kwa kubeba madaftari. Neno moja la aibu kuhusu mwalimu mmoja huondoa mabinti wa kijiji kizima, na hakuna mkutano wa wazazi utakaowarudisha mwaka huo.

Wengine watazungumza juu ya njia: mto unaojaa wakati wa mvua, kichaka ambacho vijana wa bodaboda hukaa. Hilo halihitaji fedha, linahitaji wasichana wa upande mmoja watembee pamoja na mtu mzima mmoja wa kuwasindikiza, na shule isiwachelewishe jioni. Wengine watawaonyesha choo cha shule kisicho na mlango, nao watakuwa wamesema kweli. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo hawezi kushinda mahali pasipo na choo cha kufungwa wala maji, na mwalimu wa kike anayewalea wasichana asiachiwe jukumu hilo akiwa hana hata sabuni.

Ada ilifutwa, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki kwa mzazi, na baba mwenye watoto sita hukata panapomwuma kidogo. Kaeni na kamati ya shule mkubali mahindi na maharagwe badala ya fedha taslimu, na msimfukuze mtoto kwa sababu ya sare.

Kuhusu mahari nawaomba muwe waangalifu mno. Wazee wengi wanaamini kwamba serikali na shule zimeungana kuwaondolea mahari, na mwalimu kijana anayeanza mazungumzo kwa kuidharau huwa amefunga mlango kwa mkono wake. Waelezeni ukweli, kwamba Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu mwezi wa Agosti 2015 haikufuta mahari, bali ilisema kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Waelezeni pia kwamba Katiba ya mwaka 1995 imeweka ndoa katika miaka 18 na kuendelea, kwa hiyo baba haambiwi asipokee ng'ombe, anaambiwa asubiri. Nimewaona wazee wakishusha pumzi wakisikia hivyo.

Jambo moja tu lisiwe na mjadala. Msichana mdogo akipewa mimba, koo mbili hukaa chini ya mwembe, mbuzi huhesabiwa, na kesi husemwa imekwisha. Haijaisha. Kufanya naye mapenzi akiwa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na mwalimu anayenyamaza ili aonekane mtu wa watu amemwacha mtoto peke yake. Hapo nendeni polisi, nendeni kwa afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, hata kama mtanuniwa. Na mtoto huyo akijifungua, mkamtafute tena, kwa kuwa mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unaitaka shule impokee mama kijana arudi masomoni. Mara nyingi atakayemzuia si baba, ni aibu yake mwenyewe na kicheko cha wenzake darasani, na kicheko hicho ni kazi yenu kukizima.

Msiende kwa wanaume peke yao. Mama ndiye anayejua nani atabaki na mtoto mchanga binti akienda shule, na asipopata jibu la swali hilo, ruhusa ya baba haitafika mbali. Shangazi ana neno ambalo kaka yake halipuuzi. Katika vijiji vya Waislamu mwombeni sheikh aseme msikitini, naye hatakosa la kusema, maana kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, na kwa Wakristo mwoneni katekista kabla ya Jumapili.

Hata hivyo, kati ya yote niliyoyajaribu baada ya barua ile, moja ndilo lililonifaa kuliko mengine. Niliacha kuwapelekea wazazi malalamiko kwanza. Mwaka uliofuata nilianza na nyumba iliyo mbali kuliko zote, ambako binti wa darasa la tano alikuwa ameanza kukosa, nikakaa kwenye kigoda nilichopewa, nikanywa maji, nikamwuliza baba yake kama anazo stakabadhi za mauzo ya tumbaku. Aliingiza mkono kwenye nyasi za paa akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi, ndani yake kukiwa na karatasi za misimu minne ambazo hakuwahi kusomewa na mtu asiye mnunuzi. Nilimpa binti. Alisoma uzito, akasoma daraja la majani, akasoma deni la mbolea lililokatwa, na alipofika kwenye karatasi ya tatu baba yake alimwomba arudie, kwa sababu deni lilikuwa limekatwa mara mbili. Walisoma hadi giza likaingia na mama akaleta taa. Mimi niliaga bila kutaja shule hata mara moja.

Jumatatu alikuja, na baba yake alimsindikiza hadi mtoni.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Koboko