Mafundi wa kompyuta, msikimbilie kuformati

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na mafundi wa kompyuta wanaokimbilia kuformati, yaani kufuta kila kilichomo kwenye diski, pamoja na wale wanaowapelekea mashine zao wakiwa wameshakata tamaa.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikikusanya maneno ya lugha ya mama yangu na kuyaandikia maana kwa Kiswahili. Nimefika herufi M. Kazi yote imo kwenye laptopu ambayo betri yake imechoka, haiwaki bila waya. Nakala niliyokuwa nayo pembeni iliishia herufi G.

Mwezi uliopita Windows ilianza kujisasisha, ikaniandikia nisizime. Sikuzima. Ilipofika asilimia 61 umeme ukakatika. Uliporudi, kikawa kiduara tu kinazunguka, kioo kinakuwa cheusi, mashine inajizima, inajiwasha, kiduara tena. Usiku kucha.

Asubuhi nikaenda kwa fundi. Hakuniuliza lolote. Alibonyeza kitufe, akatazama kioo kwa muda mfupi, akasema, "Hii imekufa, mzee. Tunaformati, tunapiga Windows upya, jioni unachukua." Na mafaili yangu? "Hayo yameshaenda na apdeti." Flashi ilikuwa tayari mkononi mwake.

Hayakuwa yameenda, na ndilo linaloniuma hadi leo. Sasisho likikatika katikati, kwa kawaida kinachovurugika ni mafaili ya mfumo wenyewe, yale yaliyokuwa yakibadilishwa saa ile. Maandishi yako na picha zako mara nyingi zimo palepale kwenye diski, ila mfumo wa kukufikisha huko ndio umekwama. Anayekuja kuzifuta ni anayeformati.

Niliikwapua mashine yangu nikampigia mpwa wangu. "Mjomba, asiiguse mtu hiyo diski mpaka nifike," akasema. Alipofika aliiwasha, kiduara kilipotokea akakandamiza kitufe cha kuwashia mpaka ikazima. Akarudia. Safari ya tatu ikaja skrini ya ukarabati, ambayo sikuwahi kuiona maishani. Ili kuifikia diski ikadai ufunguo wa tarakimu 48, kwa kuwa ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, na mimi sina habari. Ufunguo tuliukuta kwenye akaunti yangu ya Microsoft kwa kupitia simu. Nikamsomea mafungu manane ya tarakimu sita sita, huku kidole changu kikitetemeka juu ya kioo.

Kisha akafungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika neno moja: notepad. Kikafunguka kidaftari kile cha kawaida. Nilidhani anataka kuandika kitu. Kumbe ukikiagiza kifungue faili, halafu ukachagua kuona mafaili ya aina zote, kinakuonyesha diski nzima! Ile niliyoizoea kwa jina la C ilikuwa sasa inaitwa D, nikaingiwa na hofu, akanieleza kuwa humo ndani herufi huweza kubadilika. Folda yangu ilikuwepo. Akainakili, akaibandika kwenye flashi.

Baada ya hapo tu ndipo alipoanza kutengeneza. Ukarabati wa kuwasha ulishindwa. Akachagua kuondoa sasisho la mwisho, tukasubiri, na kioo kikaniomba neno la siri kama kawaida. Hatukuformati chochote.

Wala si mimi peke yangu. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zilikwama baada ya kampuni ya CrowdStrike kusambaza sasisho lenye kasoro la programu yake ya ulinzi. Safari za ndege zilifutwa, hospitali zikaahirisha huduma. Dawa haikuwa kufuta diski. Mafundi waliingia mashine moja moja kwa hali salama (safe mode), yaani Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu, wakaondoa faili moja bovu, zikawaka.

Wasomaji wenzangu, tafuteni ufunguo huo wa tarakimu 48 leo, mashine ikiwa bado inawaka, muuandike kwenye karatasi.

Nanyi mafundi, najua foleni ni ndefu na kupiga Windows ni kazi ya haraka. Lakini kabla ya kuchomeka flashi, muulizeni mteja: humu kuna kitu ambacho huna mahali pengine? Akisema ndiyo, toeni hicho kwanza. Mkitaka kutoza kwa kazi hiyo, tozeni, ni halali yenu, na mimi ningelipa siku ileile. Na kama diski ni mbovu kweli, maana zipo zinazokufa, tuambieni hivyo na mturudishie ikiwa vilevile ilivyokuja, ili tumtafute mwenye vifaa vya kuinusuru.

Mwalimu mstaafu