Mjomba, upepo wa Singida unahitaji majirani

Shikamoo Mjomba,

Ulipoandika kwenye kundi la ukoo kwamba kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya ni aibu kwa nchi yenye Bwawa la Nyerere, wengi walikuunga mkono. Mimi nilinyamaza kwa sababu jibu langu ni refu, na mkubwa hajibiwi kwa mistari miwili.

Bwawa lina uwezo wa megawati 2,115, kweli. Ila liko Rufiji, na umeme unaosafirishwa hadi Arusha na Kilimanjaro unapotea sana njiani. Hiyo ndiyo hoja aliyoitoa Rais Samia Machi 2025, na naiona ya haki. Lakini mimi nataka tuzungumzie upepo, maana wewe unaupepetea alizeti kila msimu.

Kule Loiyangalani, Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, Wakenya wana mitambo 365 ya upepo, jumla megawati 310. Ilikamilika 2017, lakini laini ya kilomita zaidi ya 400 hadi kituo cha umeme cha Suswa ikachelewa mpaka Septemba 2018. Mapanga yakakaa bure, na Serikali ya Kenya ikadaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukumfikia mtu yeyote, kwa kuwa mkataba ulitaka hivyo. Laini ilipofika, likazuka tatizo jingine. Upepo wa kule huvuma kwa nguvu zaidi usiku. Saa nane za usiku watu wamelala, viwanda vingi vimepunguza kazi, na umeme wa Olkaria, unaozalishwa kwa mvuke wa jotoardhi, nao haufai kuzimwa na kuwashwa kila siku. Basi baadhi ya mitambo inaamriwa ipunguze kasi huku upepo ukiendelea kuvuma.

Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtambo wa mafuta ukiuzima, unabaki na mafuta yako. Gharama ya upepo karibu yote ilishalipwa siku ya kujenga, kwa mkopo, na benki haijali kama usiku huo umeuza au hukuuza. Uniti isiyouzwa imepotea moja kwa moja.

Ndiyo maana Denmark na Norway wameunganishwa kwa nyaya za chini ya bahari tangu miaka ya 1970. Leo uwezo wake umefika megawati 1,700. Upepo ukizidi Denmark, bei inashuka, Norway wananunua na kuyazuia maji yao bwawani. Upepo ukitulia, wanayafungulia na kuuza kwa bei ya juu. Kila mmoja anapata faida, na hakuna aliyemfadhili mwenzake. Sisi tuna maji ya Rufiji, Ethiopia ina mabwawa makubwa, Kenya ina upepo na jotoardhi. Mvua na upepo wetu havipungui kwa wakati mmoja kila mahali.

Na waya tayari upo, Mjomba. Laini ya kilovoti 400 inatoka Isinya nchini Kenya, inapita Namanga na Arusha, inaishia hapo kwenu Singida. Iliwashwa mwishoni mwa 2024. Kwa miaka mingi mipango ya umeme wa upepo Singida imekuwa ikitangazwa bila mapanga kuzunguka. Sasa mwenye mtaji anaweza kuhesabu wateja wa nchi mbili, na hesabu hiyo ndiyo inayoshusha riba ya mkopo.

Wasiwasi wako nauafiki kwenye mikataba. Tukinunua kwa dola, shilingi ikishuka mzigo ni wetu. Tozo ya kupitisha umeme kwenye laini ya Kenya inaweza kula nafuu yote tukizembea. Na Wakenya wenyewe wakipungukiwa, nani anakatiwa kwanza? Hayo yaandikwe kabla ya kusaini.

Ardhi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mradi wa Turkana ulipewa ekari 150,000, na Oktoba 2021 mahakama ya ardhi mjini Meru ikasema hati zake zilipatikana kinyume cha utaratibu. Wafugaji wa pale walikuwa wamelalamika miaka mingi.

Kwa hiyo wakija wapimaji kijijini, nakuomba nguvu zako uzielekeze huko. Daini mkataba wa Kiswahili usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Daini malipo yanayofuata uniti zinazouzwa, zikiwemo zinazovuka mpaka, badala ya fidia ya mara moja. Na daini ijulikane nani anailipa kampuni siku gridi ikikataa umeme wake.

Msalimie Bibi.

Mpwa wako